Nafasi Kati ya Ua la Saba na la Nane

Nilimwonea wivu Zaina hata siku ya arobaini yake. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mema. Nyumba ya binti yake, Hawa, kule mlimani Kinanira, ilijaa wanawake mpaka barazani. Viatu vilizagaa mlangoni kama vya msikitini siku ya Ijumaa, pilau ilikuwa ikimalizikia uani, makaa yamewekwa juu ya mfuniko, na kila aliyeingia alikuja na jambo jema la kusimulia juu ya marehemu: alivyomshonea mmoja shuka za harusi bila kumharakisha, alivyokaa na mgonjwa wa mwingine wiki nzima. Mimi nilikaa kwenye jamvi, mgongo ukutani, mwanamke wa miaka sitini na mitatu mwenye mtandio wa kuazima kichwani na msalaba mdogo uliofichwa ndani ya blauzi. Hawa alinipa mto uliotariziwa maua, kazi ya mama yake, niegemee. Nikaegemea, nikaanza kuhesabu wenye machozi ya kweli. Nilipofika kumi na moja nikaacha, maana nilikuwa nimeanza kujiuliza kwangu watakuwa wangapi.

Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu, waliyemwita Mama Sefu, jirani wa Zaina tangu Buyenzi, alinitazama msalaba ulipochungulia. "We ulimujuaka wapi Zaina?" akauliza. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja. "Miaka mingi?" "Mwaka mmoja." Akaguna. "Mwaka moja tu, na umetoka Musaga na jua iyi yote?" Mwaka mmoja unaweza kumtosha mtu maisha yake yote, lakini si jambo la kumweleza mtu ambaye hujui jina lake vizuri, wakati wengine wanasoma dua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Chumba chetu kilikuwa Rohero, ghorofa ya pili ya jengo la njano lenye ngazi za nje, dirisha likitazama upande wa soko kuu, miaka mingi kabla ya kuungua kwake. Kilinuka karatasi yenye unyevu, spiriti na majani makavu. Mkubwa wetu alikuwa mtaalamu wa mimea, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sote tulimwita Dokta. Alikuwa akiandaa kitabu cha maua ya mwituni ya nchi yetu yaitwayo okidi, na alituajiri wachoraji wawili, Zaina na mimi. Kazi ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kubadilisha magazeti. Mimea iliyoletwa kutoka msituni hulazwa katikati ya kurasa za magazeti na kukandamizwa kwa mbao mbili na mikanda, na gazeti likishanyonya maji lazima litolewe, la sivyo mmea unaoza. Tukawa tunasoma habari za zamani zenye madoa ya utomvu, tukicheka. Baada ya hapo tuliketi, kila mmoja na meza yake, na kucheka kukaisha, angalau kwangu.

Zaina alichora kama mtu anayepumua. Mimi nilianza na rula, nikapima, nikatia vidoto vya penseli, nikafuta, nikapima tena. Yeye alilitazama jani kwa muda mrefu mikono ikiwa mapajani, halafu akaliweka kwenye karatasi kwa mstari mmoja, na mstari ule ulikuwa na unene pale jani lilipokuwa na kivuli, na wembamba pale lilipopata mwanga. Nilianza kumwiga. Nilishika kalamu kwa juu kama yeye, nikakunja kiwiko kama yeye. Nilinunua ndala za kahawia kama zake. Hata Kiswahili changu, ambacho nyumbani hatukukisema sana, nilikichota kinywani mwake, pamoja na lafudhi ya Buyenzi, mtaa wa Waislamu na mafundi gari, mpaka dada zangu wakaniuliza nimeolewa na fundi gari yupi. Mchana tulikula pamoja. Mimi nilinunua maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mama mmoja wa kona, yeye alifungua kitambaa chenye sambusa za kwao na kunisukumia zile kubwa. Nilizila zote. Nakumbuka nikizitafuna nikiwa nimejaa chuki, mafuta yakinitiririka vidoleni, na yeye akisema, "Kula, sha, unakonda sababu gani?"

Siku moja nilipokuwa nafunga mikanda ya mbao nyuma ya mlango, Dokta alikuwa akizungumza na mgeni ukumbini. Mgeni alikuwa ameleta habari ambayo baadaye tuliambiwa rasmi: kulikuwa na nafasi moja, si mbili, ya kwenda Ubelgiji miaka miwili kujifunza uchoraji wa mimea, na Dokta angemchagua mmoja wetu kwa kuangalia picha za okidi. Mgeni akauliza nani bora. Dokta akamjibu. "Yule wa Buyenzi ana jicho," akasema. "Huyu mwingine ana bidii." Sijawahi kutukanwa tusi lililoniuma kuliko sifa ile. Mpaka leo mtu akiniambia nina bidii, mimi husikia mlango ukifungwa.

Tulikuwa na desturi chumbani mle ambayo sijaiona mahali pengine. Picha haikufika mezani kwa Dokta kabla ya kupita kwenye meza ya mwenzako. Ukiona kosa, labda mshipa uliozidi au unywele ambao haupo kwenye mmea, ulikuwa na ruhusa ya kulikwangua kwa wembe, taratibu, ukitoa ngozi ya juu tu ya karatasi. Kisha unalainisha mahali pale kwa ukucha ili wino mwingine usisambae, na nyuma ya karatasi unaandika ulichoondoa na herufi ya jina lako. Aliyekwanguliwa hakuruhusiwa kununa. Dokta alisema macho mawili hudanganyika, manne hudanganyika mara chache, na kwamba kitabu chake hakitachapa kitu kilichoonwa na mtu mmoja peke yake. Zaina alinikwangulia karibu kila wiki. Mimi nilimkwangulia mara mbili tu tangu tuanze, na katika hizo mbili, mara moja aliyekosea nilikuwa mimi.

Okidi yenyewe ililetwa hai na Mzee Barinako, aliyekuwa akimkusanyia Dokta mimea huko msituni Kibira. Aliibeba ikiwa bado imeshika tawi lake, imefungwa kwa kamba ya mgomba, akaitundika dirishani kwetu. Wiki mbili tuliona majani tu. Halafu kikatoka kijiti bapa cha zambarau, kama kisu cha mezani kilichosimamishwa, na kwenye ubapa wake, juu ya mstari mmoja, maua yakafunguka moja baada ya jingine, madogo kuliko punje ya dengu, ya kahawia, yenye vinyweleo. Kwa mbali ungeapa ni nzi wamejipanga juu ya kisu kichafu. Kila ua lilikuwa na mdomo mdogo ulioshikiliwa kwa kiungo chembamba sana, na ukipumua karibu yake mdomo ule ulitikisika, kama nzi anayesugua miguu. Harufu yake ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa.

Mzee Barinako alituchekea tulivyosogeza nyuso. "Iyi ua iko mwongo," akasema. "Nzi anaona mwenzake, anakuja kusalimia, anakuta apana mwenzake. Aibu tupu."

"Haiko mwongo, muzee," Zaina akamjibu, jicho likiwa kwenye lenzi. "Iko na shida. Haina asali ya kumupa mutu. Sasa ifanye nini?"

Nilitamani niwe nimelisema mimi. Kila jambo alilolisema mwaka ule nilitamani niwe nimelisema mimi.

Maua yalipofunguka ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Dokta aligawa kazi: mimi nichore mmea mzima na majani, Zaina achore kijiti cha maua kikiwa kimekuzwa mara nne. Ilionekana haki, na ilikuwa haki. Saa sita mimi nilishuka kula, yeye akabaki. Alifunga, na hakutaka kunusa ndagala za watu, kwa hiyo aliketi dirishani kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, akiitazama okidi saa mbili nzima, mpaka kazi ilipoanza tena. Siku tatu alifanya hivyo. Siku ya nne nilipanda ngazi nikiwa nimeshiba, najipangusa mdomo, nikamkuta amesimama na uso wake unang'aa kwa namna ambayo njaa haimfanyi mtu.

"Konsi, leo nimeona kitu."

"Kitu gani?"

"Apana, sikuambii. Utakiona ku karatasi." Akacheka, akaficha mdomo kwa ukingo wa mtandio. "We ndiye utakuwa wa kwanza kukiona. Mbele ya Dokta."

Siku mbili baadaye aliniletea picha mezani, akaenda kunawa kwa ajili ya sala. Nimeshika picha nyingi tangu siku hiyo, za watu wakubwa, na sijashika nyingine kama ile. Maua yalipanda kijiti moja baada ya jingine, na ungeweza kuhisi yapi yamefunguka jana na yapi leo. Nikayahesabu kutoka chini, kama tulivyofundishwa. Nilipomaliza la saba, kilichofuata hakikuwa ua. Alikuwa nzi. Nzi halisi, mwenye mabawa yaliyokunjwa, mdogo kiasi kwamba kwa jicho tupu alichanganyika na maua. Nikachukua lenzi. Mgongoni, nyuma kidogo ya shingo, alikuwa amebeba vitu viwili vya duara, vilivyoshikana kama watoto pacha, na Zaina alikuwa amevitia tone la rangi ya manjano, rangi pekee katika picha yote.

Sasa nifike mahali ambapo kwa miaka arobaini nimekuwa nikipunguza mwendo. Nimejiambia kwamba nilidhani amekosea: njaa, macho mazito, nzi ametua kwenye kijiti naye akamchora pamoja na maua. Ni kosa ambalo mchoraji angeweza kulifanya kwa ua lile, na kwa ua lile tu. Lakini Zaina hakuwa mtu wa kosa hilo. Nilijua. Nilijua kwamba nzi yule aliwekwa pale kwa makusudi, na kwamba vile vitu viwili vilikuwa na maana, hata kama sikuijua maana yenyewe. Nilimsikia akimwaga maji kwenye beseni nyuma ya ukuta. Nikatoa wembe kwenye karatasi ulimofungwa. Nilikwangua mabawa kwanza, halafu miguu, halafu yale manjano, ambayo yaling'ang'ania kidogo na kunilazimu kupita mara ya pili. Nikalainisha kwa ukucha mpaka karatasi ikang'aa. Nyuma nikaandika kwa hati nzuri: nzi kati ya maua, ameondolewa, K. Nilikuwa nimefuata kanuni zote. Mtu mwenye wivu hapendi kuvunja sheria, akipata sheria ya kujificha nyuma yake.

Dokta alituita asubuhi iliyofuata. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaigeuza, akasoma maandishi yangu, akacheka kwa upole. "Zaina, saumu imekuzungusha kichwa? Umenichorea nzi?"

Zaina hakuwa ameiona picha tangu anipe. Aliinama, akaitafuta ile sehemu kwa kidole bila kuigusa, halafu akanitazama. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda kimehamishwa.

"Nilimuchora kwa kusudi, Dokta," akasema. "Alikuja saa sita. Alikaa ku mudomo ya ua, mudomo ukamuangusha ndani. Alihangaika humo, alipotoka alikuwa na punje mbili za manjano ku mugongo. Alitembea hapa, kati ya la saba na la nane, halafu akaruka."

Dokta akavua miwani. "Punje mbili? Una hakika?"

"Muulize Konsi. Hatukwanguaka kitu bila lenzi. Aliziona."

Nje kulikuwa na mtu anauza mkaa, anaita kwa sauti ya puani. Nakumbuka nilimsikiliza kana kwamba alikuwa ananiita mimi. Dokta akanigeukia. "Mademoiselle Konsolata, uliona kitu mgongoni?"

"Apana, Dokta," nikasema. "Niliona nzi tu."

Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Maua yalikuwa yamekwisha kunyauka, nzi alikuwa ameruka, rasimu ya penseli ilikuwa imefutwa kama tulivyofunzwa, na kitabu cha Dokta hakikuchapa kitu kilichoonwa na mtu mmoja. Dokta alimwambia Zaina kwa sauti ya baba kwamba akapumzike wiki moja. Mwezi haujaisha, jina langu likabandikwa mlangoni. Siku ya Idi Zaina aliniletea sahani ya wali na nyama iliyofungwa kwa kitambaa, kama alivyonisukumia sambusa siku zote, akaiweka mezani kwangu juu ya magazeti makavu. "Kula, sha," akasema. Sikujua kula, sikujua kuacha. Nilipoondoka kwenda Ubelgiji, yeye aliacha kazi. Alimwambia Mzee Barinako kwamba mkono wake umechoka na wembe.

Ubelgiji, mwaka wa kwanza, kwenye darasa lililozimwa taa, mwalimu alionyesha picha ya mdudu ukutani, kubwa kama mlango. Mgongoni alikuwa na punje mbili za manjano. Mwalimu akaeleza kwamba chavua ya okidi haiwi vumbi kama ya maua mengine. Imefungwa kuwa vifurushi vinavyonata, na ua humdanganya mdudu ili limgandishe mzigo huo mgongoni, naye aupeleke kwa ua jingine. Akasema, kwa aina nyingi za Afrika, hakuna aliyewahi kumwona mbebaji. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Zaina alimwona, dirishani Rohero, tumbo tupu, na mimi nilimfuta kwa wembe. Nilirudi nyumbani, nikapata kazi, nikapata heshima. Nimechora miaka yote hiyo kwa bidii. Kitabu cha Dokta kipo kwenye rafu yangu. Ukiifungua picha ile, kati ya ua la saba na la nane kuna nafasi kubwa kidogo kuliko nyingine. Hakuna msomaji aliyewahi kuiulizia. Na Zaina, niliyekutana naye mjini labda mara kumi, alinisalimu kila mara, akaniuliza wazazi na watoto, nami kila mara niliona haraka ya kwenda.

Mama Sefu ndiye aliyenirudisha kwenye jamvi la Kinanira. Alikuwa ameuvuta ule mto nyuma yangu, anauonyesha kwa jirani yake. "Angalia. Ku maua yake yote anawekaka na huyu mududu. Shuka ya harusi yangu iko naye. Ya dada yangu iko naye."

Nikageuka. Kwenye kona ya mto, kati ya waridi mbili za uzi mwekundu, kulikuwa na nzi wa uzi mweusi, mdogo kama dengu. Nikatazama mto wa pili, kitambaa cha meza, pazia la mlango wa uani. Kila mahali, mara moja tu, amejificha kati ya maua. Na mgongoni, mafundo mawili ya manjano.

"Ni saini ya mama," Hawa akasema, akiwa amesimama na sinia ya pilau. Halafu akalikumbuka jina nililomtajia mlangoni, akaweka sinia chini. "Tantini Konsi, kumbe ni we. Mama alikuwa anasemaka, mutu akiuliza iyo vitu mbili za manjano ni nini, tumujibu: muulizeni Konsi, aliziona. Sisi tulizani anatania tu. Ni nini?"

Wanawake walinigeukia, wakitabasamu, wakitarajia hadithi ya kuchekesha ya ujana wa marehemu. Ningeweza kuwapa moja. Nilikuwa nazo nyingi.

"Niliziona," nikasema. "Zilikuwa mbili. Nilimwambia mkubwa wetu kwamba sikuziona." Na nikawaeleza yote, wembe, beseni, neno langu moja mbele ya Dokta, mpaka Ubelgiji. Hawa alikuwa ameushika ule mto kifuani kama mtoto.

Mama Sefu ndiye aliyesema kwanza. "Na ye mwenyewe, ulimuambia? Wakati alikuwa hai?"

"Apana."

Akavuta sinia, akaisukuma mbele yangu. "Kula," akasema. "Inapoa." Nikala, mbele ya macho yao yote, na pilau ya Zaina ilikuwa tamu.

Hawa alinipa mto niondoke nao. Sikujua kama ni zawadi au hukumu, na nadhani hata yeye hakujua. Asubuhi, nyumbani Musaga, niliuweka kwenye meza yangu karibu na dirisha. Nikaona mafundo yale hayakuwekwa kichwani wala kwenye mabawa, bali nyuma kidogo ya shingo, pale pale, yameshikana, na kwamba uzi wa miguu ulikuwa mnene penye kivuli na mwembamba penye mwanga. Alimshona mara ngapi, mia ngapi, bila ua mbele yake, bila picha, kwa kukumbuka mchana mmoja tu. Nikasikia kile kitu cha zamani kikinyanyuka kifuani, hai, chenye afya, kana kwamba hatujamzika mtu. Nikatoa lenzi yangu, nikainama, nikaanza kutafuta kosa. Nimetafuta mpaka leo. Sijaliona.